Mistari ya rapu yaweza kumfunga mtu?

SWALI: Assalaam alaikum. Mwanangu anachana mistari, anarekodi chumbani, godoro kalisimamisha dirishani kuziba kelele za bodaboda. Nasikia Young Thug wa Marekani alifungwa kwa nyimbo zake. Ni kweli?
Mama wa Shela, Malindi

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Si kwa nyimbo. Alikamatwa Mei 2022 kwa mashtaka ya genge huko Atlanta. Mistari ililetwa kama ushahidi, na jaji akaikubali baadhi. (Mimi hilo lilinikera. Waimbaji wa taarab wangapi wametishiana kwa mafumbo, na nani aliwapeleka polisi?) Alikaa rumande zaidi ya miaka miwili. Oktoba 31, 2024 alikiri makosa kadhaa, ya dawa za kulevya na bunduki yakiwemo, akatoka siku ile ile kwa masharti ya uangalizi wa miaka 15.

Hapa Kenya, sheria ya utangamano ya 2008 inakataza maneno ya chuki za kikabila, hata yakiimbwa. Kijana aijue hiyo kabla hajapakia wimbo. Na biti za watu, aombe ruhusa kwanza.