Namna ya kuandika maisha ya daktari wa mji mdogo: tulivyofanya kwa baba

Misiba ya Dar es Salaam inakwenda mbio. Mtu akifariki Jumatano, jioni ileile kamati imekaa, turubai limefungwa, na kabla hujapata nafasi ya kulia vizuri umeshakabidhiwa karatasi uandike wasifu. Nao wasifu wa kanisani una mtiririko wake: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto na wajukuu, kuugua, kufariki. MC anakwambia dakika tano. Ndiyo maana maisha ya mtu aliyetibu wilaya nzima yanabaki sentensi moja: "Marehemu alifanya kazi katika hospitali ya wilaya Nachingwea hadi alipostaafu."

Sentensi hiyo ni ya kweli, na siku ya kuzika inatosha. Ushauri wangu ni kwamba wasifu wa kanisani uacheni mfupi, kisha jipeni muda hadi arobaini, au hata mwaka, mwandike ule mrefu. Baba yetu alikuwa daktari wa mji mdogo, Nachingwea, mkoani Lindi, na tulifanya hivyo kwake. Naeleza hapa tulivyokwenda, kwa sababu najua wengi wenu mna mzazi wa namna hii, na wanaozijua habari zake ni wazee.

Anzeni hapahapa Dar. Watu wa kusini wamejaa Mbagala, Temeke na Tandika, na wengi waliokuwa wahudumu wa hospitali za wilaya wamestaafu wakafuata watoto wao mjini. Mkunga aliyefanya kazi na baba miaka mingi tulimkuta Mbagala, si mbali na mabasi ya kusini. Msikimbilie kwanza madaktari wenzake. Daktari mwenzake atawaambia kuhusu vyeo na semina. Mkunga, dereva wa Landrova, mtu wa maabara na mhudumu wa wodi ndio waliomwona saa nane za usiku.

Mkifika, msiulize "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" Mtajibiwa alikuwa mpole, mchapakazi, mcheshi, na mazungumzo yataishia hapo, maana hivyo ndivyo tunavyowasema marehemu wote. Ulizeni kitu. Mimi nilimwuliza yule mama: "Umeme ukikatika katikati ya operesheni, mlikuwa mnafanyaje?" Akacheka, akaweka kikombe chini, akaanza. Karabai moja ilikuwa inashikwa upande wa kichwani, tochi upande wa pili, na baba alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo ili mikono ya walioshika taa isitetemeke. Kuhusu huo wimbo, sisi watoto tulikuwa hatujui hata kidogo. Tulimjua kama mtu asiyeimba.

Dereva naye nilimwuliza njia ya Kilimarondo wakati wa masika. Hapo nilipata kurasa nzima: gari kukwama kwenye tope, baba kushuka na kukunja suruali, mama mjamzito kubebwa na vijana kwa machela ya miti hadi upande wa pili wa mto, na kuongezwa maji kwenye mishipa palepale chini ya mwembe kabla ya kuendelea. Dereva anakumbuka hata rangi ya khanga aliyofunikwa yule mama. Swali linapogusa barabara, taa, maji au chakula, wazee wanafunguka.

Tatizo litakuwa miaka. Wazee hawakumbuki tarehe, na hawana sababu ya kuzikumbuka. Tumieni matukio ambayo kila mtu anayajua. Nachingwea ilikuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, kwa hiyo uliza: ilikuwa kabla Msumbiji haijapata uhuru, yaani 1975, au baada? Kabla ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979? Wakati wa mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998? Kwa mambo ya hospitali, malaria inasaidia sana: klorokwini ilikuwa bado inatolewa, au mlikuwa mmeshahamia SP, dawa iliyochukua nafasi yake 2001? Na kwa safari, Daraja la Mkapa kwenye Rufiji lilifunguliwa 2003. Mtu akitaja kivuko na kulala foleni, mnajua ni kabla ya hapo. Kwa njia hii tulipanga maisha ya baba kwa mfuatano ambao hata faili lake la utumishi lisingetupa.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kila wasifu wa daktari una neno "alijitolea". Neno hilo halimwambii mjukuu wako chochote usipomweleza babu yake angeweza kufanya nini kingine. Baba alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, miaka ya sabini mwanzoni, wakati nchi ilikuwa na madaktari wazalendo wachache mno. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, na daktari akabaki na mshahara wa serikali tu. Kisha zikaja zile siku za mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ya foleni, sukari ya kibali, na hospitali ya wilaya inayosubiri makasha ya dawa yatoke Dar. Wenzake kadhaa walikwenda Botswana na nchi nyingine za kusini, na siwalaumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Mwaka 1991 sheria ikabadilishwa, kliniki binafsi zikaanza kuchipua jijini, na baba akaitwa na rafiki yake waje wafungue moja huku Dar. Hakuja. Hapo ndipo neno "alijitolea" linapopata uzito, kwa sababu msomaji anauona mlango aliokuwa amefunguliwa.

Kwa hiyo mwandikieni mjukuu mazingira. Mwelezeni degedege lilivyokuwa likisemwa ni la mashetani, na mtoto akaletwa hospitali akiwa ameshachelewa, na baba akaanza kwenda mwenyewe kuzungumza na wazee badala ya kuwafokea akina mama wodini. Mwelezeni mabusha na ngiri, ambazo watu wa pwani na kusini waliishi nazo kwa aibu miaka mingi, na jinsi wanaume walivyokuja kimya kimya jioni, baada ya watu kuondoka.

Lakini hapo kwenye ugonjwa mna mpaka, na naomba muuheshimu. Siri ya mgonjwa haiishi daktari anapokufa. Kwenye sanduku la bati la baba tulikuta daftari zenye majina ya watu na magonjwa yao, baadhi kutoka miaka ile UKIMWI ulipokuwa unaua bila dawa. Daftari hizo hazikupigwa picha wala kusomwa kwa sauti kwenye matanga. Tulizifunga na kuzikabidhi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Na kuficha jina peke yake hakutoshi. Nachingwea ni mji mdogo. Ukiandika "mwalimu fulani wa kike aliyefanyiwa operesheni mara mbili", watu watamjua kabla hujamaliza sentensi. Mgonjwa akitaka kusimulia mwenyewe, msikilizeni, kisha mwulizeni tena wiki ijayo kama bado anaridhia iandikwe.

Picha za zamani ni jambo fupi. Zipigeni kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila flashi. Andikeni majina nyuma kwa penseli, mkiwa na mtu mzima anayewatambua. Sauti mlizorekodi msiziache kwenye grupu la familia tu, kwa sababu simu zinaibwa na magrupu yanafutwa. Wekeni nakala kwa ndugu wawili wanaoishi nyumba tofauti.

Mama mwacheni wa mwisho, na msimhoji mbele ya wageni. Mjane akiwa kwenye mkeka kati ya watu atasema tu "namshukuru Mungu". Wetu tulizungumza naye akichambua mchele, siku za kawaida, kila mtoto kwa wakati wake. Ndipo tukajua kwamba mlango uligongwa usiku karibu miaka yote ya ndoa yao, na anayeamka kwanza alikuwa yeye. Alikuwa akijua kwa namna mlango ulivyogongwa tu kama ni uzazi au ajali. Uji wa wasindikizaji waliolala barazani ulitoka jikoni kwake, na unga ulinunuliwa kwa mshahara wake wa ualimu. Wasifu wa daktari mwenye familia usiomtaja aliyeishikilia familia hiyo umeandikwa nusu.

Alituambia pia kuhusu baba wa Jumapili. Alikuwa akitukata kucha mmoja mmoja kwa mkasi uleule mdogo, akikagua daftari za shule, na akiitwa hospitali kabla ya kumaliza, aliyebaki alisubiri, maana alirudi na kumalizia hata kama ni saa tatu usiku. Mimi nakumbuka kusubiri. Sikukumbuka, mpaka mama aliposema, kwamba kila mara alirudi.

Mkimaliza rasimu, mama aisome kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kabla ya mtoto wa kwanza. Wetu alisoma kwa siku mbili, akaongeza majina ya manesi wawili tuliowasahau, akasahihisha mwaka wa kuhamia nyumba ya serikali, kisha akakata aya moja yote kwa kalamu nyekundu. Hatukumwuliza sababu. Nakala iliyosomwa siku ya kumbukumbu ya mwaka, pale nyumbani Tabata, haina aya hiyo.