Maswali yenu: wiki za mimba na dhamiri ya mkunga

SWALI: Ninasoma sheria. Kwenye mdahalo, mwenzangu alisema Ufaransa inaruhusu kutoa mimba hadi wiki 14 na Ireland hadi wiki 12, kwa hiyo zinapishana wiki mbili tu. Mhadhiri akasema hesabu hiyo si sahihi. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye siku ya kuanzia kuhesabu. Kliniki huhesabu umri wa mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa ndiyo tarehe mama anayoweza kuitaja. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, mimba yenyewe hutunga kama wiki mbili baadaye. Sheria ya Ireland ya 2018 inafuata hesabu ya hedhi. Ufaransa, tangu 2022, inahesabu wiki 14 tangu mimba kutunga, yaani wiki 16 za hedhi. Zinapishana wiki nne.

Ukomo ukiwa mfupi, hesabu hii huuma zaidi. Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutengua mwaka 2022 uamuzi wake wa 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba, baadhi ya majimbo yaliweka ukomo wa karibu wiki ya sita. Mwanamke aliyechelewa hedhi siku moja tayari yuko wiki ya nne. Zimebaki wiki mbili za kupima, kuamua na kupata miadi. Mwenye hedhi isiyotabirika huenda ukomo ukampita kabla hajajua ana mimba. Anayeitetea sheria hiyo anao wajibu wa kulisema hilo waziwazi.

Kisha uliza ukomo umejengwa juu ya nini. Uingereza ilishusha wake kutoka wiki 28 hadi 24 mwaka 1990, kwa sababu watoto njiti walikuwa wakiokolewa mapema zaidi. Lakini uwezo wa njiti kuishi hutegemea pia mashine na wataalamu waliopo, na ni vigumu kueleza kwa nini thamani ya kijusi ibadilike kwa kuhamia hospitali nyingine. Anayeamini uhai wa mtu huanza mimba inapotunga hakubali wiki yoyote. Mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson naye, mwaka 1971, alizikwepa wiki kwa njia tofauti: hata kijusi kikihesabiwa kuwa mtu, haki ya kuishi peke yake haimpi mtu haki ya kutumia mwili wa mwingine. Wapinzani wake hujibu kwamba mzazi ana wajibu kwa mwanawe ambao hana kwa mtu baki. Mdahalo wenu ungeanzia hapo, maana hapo ndipo pande mbili zinapogusana kweli.

SWALI: Mimi ni mkunga na dhamiri yangu hainiruhusu kushiriki kutoa mimba. Nitalindwa?

JIBU: Nchi nyingi zinamlinda anayekataa kushiriki, ila ulinzi huo una mipaka. Kwa Uingereza, sheria ya 1967 haimruhusu kukataa pale uhai wa mama unapotakiwa kuokolewa. Mwaka 2014, katika kesi ya wakunga wawili wa Glasgow, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kinga inamhusu anayeshiriki kwa mikono yake. Kupanga zamu na kusimamia wenzako hakumo.

Soma sheria ya kwenu, kisha mwandikie msimamizi mapema, kabla ya kupangiwa zamu, ukitaja kazi usizoweza kufanya. Kukataa mgonjwa akiwa tayari kitandani ndiko kunakoleta madhara, kwa sababu hakuna wa kukupokea. Anayevuja damu au mwenye homa baada ya mimba kutoka, kwa njia yoyote ile, mhudumie bila kumhoji wala kumhubiria.

SWALI: Kuondoa mimba iliyotunga nje ya kizazi nako ni kutoa mimba?

JIBU: Mimba iliyokwama nje ya kizazi, kwenye mrija wa mayai, haiwezi kufikia kuzaliwa, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani. Hata wengi wanaopinga utoaji mimba hukubali tiba hii. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu au maumivu ya bega kwa mjamzito ni dharura: aende hospitali saa hiyohiyo.