Nyasi ya mapambo inayohimili baridi ya Minnesota: jibu kwa dada aliyehamia Minneapolis

Dada, umeeleza kwamba mbele ya nyumba mliyohamia kuna ukanda mwembamba wa udongo mgumu unaopigwa na jua mchana kutwa, kwamba maua uliyopanda mwaka jana yalikufa yote kwa baridi, na ukauliza kama ipo nyasi ndefu ya mapambo ambayo hutalazimika kuinunua upya kila mwaka. Ipo, nami nina mashina saba mbele ya nyumba yangu upande wa St. Paul tangu mwaka 2016. Inaitwa Karl Foerster, jina la Mjerumani aliyekuwa na kitalu cha miche huko Potsdam na kufariki mwaka 1970, na jina lake la kitaalamu ni Calamagrostis × acutiflora. Ukienda dukani taja majina yote mawili, kwa sababu kosa langu la kwanza nililifanya nikiwa bado dukani.

Mwaka wa kwanza nilivutiwa na nyasi nyingine, yenye majani mekundu ya damu ya mzee na masuke laini kama mkia wa paka, nikanunua vyungu vinne bila kusoma kibao kilichochomekwa kwenye udongo. Kibao kilisema kanda ya 9. Wizara ya Kilimo ya Marekani imeigawa nchi kwa kanda kufuatana na wastani wa baridi kali kuliko yote ya mwaka, namba ikiwa ndogo baridi ni kali zaidi, na miji yetu hii miwili, Minneapolis na St. Paul, iko mpakani mwa kanda ya 4 na ya 5, mahali ambapo usiku mbaya kabisa hufika kwenye nyuzi −29 za Selsiasi au chini yake. Ile nyekundu ilikufa kabla ya Krismasi. Baadaye nilisoma kwamba ina undugu wa karibu na nyasi inayoota porini kutoka Arabuni hadi kwetu Afrika Mashariki, na mume wangu hadi leo hunitania kwamba ndugu yetu wa nyumbani aliganda, Mjerumani akabaki. Kweli amebaki: asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi −33, na Aprili iliyofuata mashina yote saba yalichipua.

Kuhusu kupanda sina mengi ya kusema, kwa kuwa nyasi hii haina makuu. Ngoja udongo uyeyuke na kukauka kidogo, yaani kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei, chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu lakini lisilozidi kina chake, kisha upande shina likiwa usawa ule ule liliokuwa nao chunguni. Udongo wa mfinyanzi unaokusumbua hauitishi. Acha sentimita 60 hadi 75 kati ya shina na shina, hata kama mwaka wa kwanza safu itaonekana kama meno yaliyong'oka. Maji uipe kwa wingi mara moja kwa wiki katika msimu wa kwanza, ukiacha wiki ambazo mvua imenyesha vizuri; kuanzia mwaka wa pili mimi hufungua bomba pale tu ukame unapozidi wiki tatu.

Mbolea ndiyo iliyoniponza. Nimekulia Rombo, ambako shina la mgomba lisilopewa samadi ni aibu kwa mwenye shamba, kwa hiyo mwaka wa pili nikamwaga mifuko miwili ya samadi ya kuku juu ya mashina yale na kujipongeza. Majani yalikuja mengi, ya kijani kibichi, laini kama mchicha. Mwanzoni mwa Julai ikapiga dhoruba ya usiku mmoja, na asubuhi nikakuta mabua yote yamelala juu ya njia ya waenda kwa miguu, mtoto wa jirani akiyaruka kwa baiskeli. Nyasi hii husifiwa kwa kusimama wima, na sifa hiyo huipata inapoachwa na njaa kidogo, kwenye jua la saa sita au zaidi kwa siku. Tangu hapo sijaipa chochote.

Ukiitunza hivyo, mwezi Juni itatoa mabua yanayofika mita moja na nusu au zaidi kidogo, yakibeba masuke yenye rangi ya zambarau iliyofifia, ambayo kufikia Agosti hugeuka rangi ya ngano iliyoiva na kubana kama ufagio wa chelewa. Mama yangu alipotutembelea mwaka 2018 alisimama mbele ya safu ile kwa muda mrefu, mikono kiunoni, nikadhani anaisifu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii yote mnampa nani?" Nilipomwambia kwamba ni ya kutazama tu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, maana kwa miaka yote ya maisha yake nyasi ya urefu ule imekuwa mzigo wa kubeba kichwani kupeleka kwa ng'ombe bandani. Siku mbili baadaye alikuja kunisihi nimtafutie mundu.

Mundu nilimnyima, na hapa nakuomba uwe na moyo mgumu kama mimi. Ikifika Oktoba nyasi itakauka yote, na mkono wa mtu aliyezoea kufyeka karibu na nyumba kwa kuogopa nyoka utawasha. Iache. Mabua makavu hukinga shina, hunasa theluji ambayo nayo hufunika mizizi kama blanketi, na kusema kweli miezi ile ambayo bustani nzima ni nyeupe na tupu, hicho ndicho kitu pekee kinachotikisika nje ya dirisha langu. Mimi hukata mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, kabla machipukizi hayajarefuka, kwa sababu nyasi hii huamka mapema na ukichelewa utakata vichwa vya majani mapya. Lifunge shina zima kwa kamba kama mganda wa mpunga, vaa glavu na mikono mirefu kwa kuwa kingo za majani hukwaruza, kisha ukate sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Mganda hutoka mzima na hutahangaika kuokota vipande vipande.

Mchangiaji mmoja hapa jukwaani amekuonya kwamba nyasi za mapambo huvamia bustani ya jirani. Onyo lake ni sahihi kwa Miscanthus, ambayo katika majimbo kadhaa ya Marekani imetoroka bustanini na kuota ovyo kwa mbegu, lakini Karl Foerster ni chotara asiyetoa mbegu zinazoota, na shina lake hupanuka polepole papo hapo lilipo. Ukitaka ya asili ya mbuga za hapa, Panicum virgatum ni nzuri, ila huchelewa sana kuamka. Usiing'oe mwezi Mei ukidhani imekufa, kama alivyofanya shemeji yangu. Zote utaziona zikiwa zimekomaa kwenye bustani ya Minnesota Landscape Arboretum iliyoko Chanhassen, na ningekushauri uende Septemba kabla ya kununua chochote.

Baada ya miaka mitano au sita utaona katikati ya shina panaota kipara huku pembeni pakistawi. Wakati huo ling'oe zima, lipasue kwa koleo lenye makali au hata kwa msumeno, utupe ile sehemu ya katikati na kupanda upya vipande vya pembeni. Kazi hii ifanye Aprili. Mimi niliwahi kumgawia jirani vipande vitatu mwezi Septemba. Viwili havikuota tena, kwa kuwa mizizi haikupata muda wa kushika na udongo ulipoganda na kuyeyuka uliisukuma miche nje.

Yangu mawili ya mwisho upande wa gereji yameshafanya kipara, nami nitayapasua mara udongo ukilegea. Vitatoka vipande visivyopungua sita, na mimi nafasi sina. Niandikie faraghani mwishoni mwa Machi, uje na gunia na koleo lako, kwa maana langu limevunjika mpini.