Maswali na majibu: Ulimi wa baridi kwenye picha

Nimeona kwenye picha ya setilaiti ulimi wa maji baridi umetoka rasini kuelekea bahari kuu. Nimelinganisha na picha ya siku iliyofuata nikapata kasi ya mkondo. Sawa?

Si sawa. Swali hili halinipi likizo, na kila anayelileta ana picha mbili tu mkononi. Setilaiti za infraredi husoma joto la ngozi ya bahari, unene usiofika milimita 1. Upepo ukitulia na jua likawaka, ngozi hiyo hupata joto na kuficha baridi iliyo chini yake. Wingu likitanda, huoni kitu. Tena ukingo wa baridi unaweza kusogea kwa sababu maji mapya yamepanda hapo, si kwamba yametiririka kutoka rasini. Kasi tafuta kwenye rada za pwani, zinazosoma mkondo wa juu hadi kilomita 200 hivi, au kwenye maboya yanayochukuliwa na maji. Kuhusu kina, hakuna njia ya mkato: teremsha vipima joto na chumvi, au tuma glaida, chombo kisicho na rubani kinachopita chini ya maji, ikatize ulimi huo. Muda wa meli ni ghali, najua. Picha ni ya kukuonyesha pa kwenda kupima.

Maboya ya Argo hayatoshi?

Hayatoshi. Ni vipimo vinavyojizamisha vyenyewe: huelea kwenye kina cha mita 1,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 hivi. Rafu ya bara, yaani sakafu ya bahari inayopakana na pwani, kwa kawaida haizidi kina cha mita 200, kwa hiyo hapo hayana pa kuelea.

Kusi hupandisha maji baridi Somalia. Mbona Tanzania hakuna kitu?

Kwa sababu ikweta ipo katikati, na watu huisahau. Mwanasayansi wa bahari Ekman alieleza mwaka 1905: kwa mzunguko wa dunia, upepo husukuma tabaka la juu kulia kwake upande wa kaskazini, kushoto upande wa kusini. Huko Somalia, upepo wa kusi huyatoa maji pwani, ya chini yakapanda kujaza nafasi. Tanzania upepo huohuo huyasukumia pwani, yakazama. Huko usubiri kaskazi.

Bahari ikiwa kijani, samaki wapo?

Kijani hicho ni klorofili, na klorofili ni ya planktoni, mimea midogo mno inayoelea majini. Samaki huja baadaye, au hawaji. Na maji yanayopanda mara nyingi huwa na oksijeni kidogo: Oregon, mwaka 2002, kaa na samaki walikufa kwenye rafu yenye rutuba tele. Wanaouza ramani za kijani kama ramani za uvuvi hawalitaji hilo. Ukishusha vifaa, weka na kipima oksijeni.