Shangazi, hao wafadhili wanamtakia nini binti yangu?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu klabu za wasichana zinazoendeshwa kwa fedha za wafadhili, nikadhani yamekwisha. Kumbe nimechokoza watu. Barua zimekuja kutoka kila kona ya Dodoma, nimechagua nne. Kwa wasomaji wageni: nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, nikazunguka Kongwa, Mpwapwa na Bahi mpaka nikastaafu. Miradi nimeiona ikiingia kwa ngoma na nimeiona ikiondoka kimyakimya.

Shikamoo Shangazi. Nasoma kidato cha tatu, wilaya ya Mpwapwa, na niko kwenye klabu inayofadhiliwa. Mwezi ujao wageni wa mfadhili wanakuja, nami nimechaguliwa kuzungumza. Dada mwezeshaji anataka nieleze nilivyofiwa na mama na shida nilizopata kabla ya mradi. Sitaki kuyasema hayo mbele ya wenzangu, lakini naogopa nikikataa klabu itakosa fedha. Nifanyeje? – Binti, Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Kataa.

Nakueleza kwanza dada yako anasukumwa na nini, usije ukamchukia bure. Ripoti ya mradi huwa na ukurasa wa hadithi ya mafanikio, na picha juu yake. Mkataba wake una mwisho, bosi wake anaulizia huo ukurasa, naye anakutazama wewe. Lakini mfadhili haongezi fedha kwa sababu msichana mmoja amelia hadharani. Anatazama hesabu, mahudhurio, na kama yale yaliyoandikwa kwenye mpango yamefanyika. Ziara ni ya kuhakiki, hata kama wenyeji tunaigeuza sherehe.

Niliwahi kukaa kwenye ziara kama hiyo huko Bahi. Viti vya plastiki vimeazimwa kanisani, wasichana wamevaa fulana za mradi, wanaimba wimbo wa kumshukuru mfadhili, beti hazina mwisho, na jua lile la saa nane. Wageni wakapiga makofi ya adabu. Kisha ikaja zamu ya kikoba chao. Wasichana watatu wakatoka na funguo, kila mmoja na wake, wakafungua kufuli tatu za sanduku la bati. Mweka hazina akauliza, "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Kikundi kizima kikajibu kwa sauti moja, bila kutazama daftari, maana ndiyo kanuni: salio linakaa vichwani mwa wote ili pasiwe na wa kulichezea. Akaanza kuhesabu juu ya kanga iliyotandikwa chini. Ikapungua mia tano. Akasema, "Haijatimia," wala hakuinua uso kuangalia wageni. Akarudia noti kwa noti, sarafu kwa sarafu, mpaka mia tano ikaonekana imejificha kwenye pindo la kanga. Mgeni mmoja aliyekuwa anapiga picha muda wote aliweka simu mkobani, akasogeza kiti karibu.

Kwa hiyo nenda kwa dada mwezeshaji kabla ya siku yenyewe, usingoje asubuhi ya ziara. Chukua wenzako wawili. Mwambie: "Dada, habari za mama yangu sitazisema. Naweza kuonyesha kazi ya klabu, nichagulie ipi." Akikubana, mwambie Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila aliye chini ya miaka 18 haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Asipokuelewa, mwone mwalimu wa malezi. Na kama hiyo klabu imekufundisha kujiamini, wa kwanza kufurahi ukimkatalia kwa adabu anapaswa kuwa yeye mwenyewe.

Shangazi, mimi ni mzazi wa Chamwino. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Tangu aingie kwenye hiyo klabu ya wafadhili amekuwa na maneno. Anauliza kwa nini kaka yake hachoti maji. Sasa kuna kijana wa heshima ameleta posa, na binti anasema klabuni wameambiwa wakatae. Hawa wazungu wanamtakia nini mtoto wangu? – Baba Mzazi, Chamwino

Mbukwa baba. Nianze na posa maana ndiyo yenye moto. Binti ni mwanafunzi. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016: anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na anayesaidia jambo hilo lifanyike naye ana kesi yake. Huyo kijana, kama kweli ni wa heshima, mrudishie posa yake leo, mtakuwa mmeokoana nyote wawili.

Ukiniambia ni mambo ya wazungu, nitakukumbusha kitu. Aliyekwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vinavyoruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, ni Rebeca Gyumi, mzaliwa wa hapahapa Dodoma. Alishinda 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema ushindi ni wake. Hakuna mzungu hapo, baba. Ni mtoto wa jirani.

Sasa wafadhili. Wapo wanaotoa kwa moyo, wapo wanaotoa kwa sababu serikali yao imepanga hivyo, na wapo wanaotaka jina. Kinachokuhusu wewe ni kujua fedha zimepita wapi na zinafundisha nini, na hilo huhitaji kulibahatisha. Shirika linatakiwa liwe limesajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Kwa kanuni za 2018, mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 unapelekwa serikalini. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako anapaswa kuwafahamu. Mwulize. Kisha nenda klabuni siku ya kikao, omba kuona kitabu cha mafunzo, kaa nyuma usikilize. Wakikufukuza, hapo una haki ya kuwa na wasiwasi, niandikie tena.

Hilo la maji, ukitaka maoni yangu ambayo hukuyaomba: kaka ana mikono. Swali la binti si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ungekuwa kugoma kuchota, na barua yako haisemi amegoma.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mlezi wa klabu ya wasichana karibu na Kibaigwa. Mradi ulikuwa unategemea fedha za Marekani, ukasimamishwa ghafla mwanzoni mwa 2025. Ofisi ilifungwa, posho yangu ikaisha. Lakini wasichana 22 bado wanakuja kila Jumatano, wanakaa wananitazama. Sina soda, sina vitabu vipya, sina hata chaki. Niwaambie waache? – Mlezi, Kongwa

Marahaba mdogo wangu. Usiwaambie waache, na kwanza jivue lawama. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje ili ipitiwe upya, na miradi mingi haikufufuka. Ripoti yako nzuri au mbaya haikuhusika.

Halafu tazama kilichobaki. Wasichana 22 wanakuja bila soda. Mimi nimeona semina za mjini zilizojaa watu, posho ilipotoka saa sita, saa saba ukumbi mweupe! Hao wako wanafuata kitu kingine, na huo ndio mtaji.

Kuna kazi ya utafiti ambayo kila anayeendesha klabu angepaswa kuijua. BRAC, shirika la maendeleo lililoanzia Bangladesh, lilianzisha klabu za wasichana Uganda mwaka 2008: mahali maalumu pa kukutania, mlezi mwanamke kijana wa hapohapo kijijini, stadi za maisha pamoja na stadi za kazi, milango wazi siku nyingi za wiki. Baada ya miaka minne, kwenye vijiji vyenye klabu, mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa theluthi hivi, na wasichana wenye kazi ya kuwaingizia kipato wameongezeka karibu nusu. Mpango huohuo ukaletwa Tanzania. Hapa haukuleta mabadiliko ya kutajika kwenye mengi ya hayo, na watafiti walitaja uhaba wa rasilimali katika utekelezaji. Kilichosogea ni akiba, pale palipoongezwa huduma ya mikopo midogo. Mimi nasoma hivi: klabu ya kuungaunga haizai kitu, na fulana haziwezi kuziba pengo la mlezi na chumba.

Basi linda hivyo viwili. Chumba: mwone mtendaji wa kijiji, au mkuu wa shule, akupe darasa Jumatano saa kumi, kwa maandishi. Saa kumi nasema kwa makusudi, maana kiangazi maji yako mbali na msichana aliyetoka kisimani saa tisa na nusu hawezi kufika mapema zaidi. Siku isibadilike hata mkiwa sita.

Mlezi ni wewe, na wewe una tumbo. Kujitolea bila mwisho kunamaliza watu, nimewazika kikazi walezi wengi wazuri kwa njia hiyo. Leo wana vibanda vya chipsi na hawataki kusikia neno klabu. Itisha kikao cha wazazi. Kibaigwa mna mahindi mpaka lori zinapanga foleni. Waombe kila kaya debe moja wakati wa mavuno. Madebe 22 ni gunia tatu na ushee. Si mshahara, lakini ni mahindi ambayo hutayanunua, na mzazi aliyetoa debe atauliza kama binti alikwenda klabuni. Atakayekataa, mtoto wake asifukuzwe.

Walio na miaka 18 na kuendelea watengeneze kikundi chao, kisajiliwe halmashauri, waombe mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023, ukarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ila ni mkopo, si zawadi: wasiuguse kabla hawajajua watauza nini, kwa nani, siku gani ya mnada. Walio chini ya hapo waendelee na akiba ndogondogo, na mzazi mmoja anayeaminika alale na sanduku bila ufunguo.

Stadi? Anza na unachokijua wewe. Kama kuna mama anayeshona hapo kijijini, washone taulo za kike za kufua: pamba ndani, kitambaa kisichopitisha maji chini, vifungo pembeni. Kodi ya VAT kwenye taulo iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019, dukani wengi hawakuona nafuu yoyote. Ya kushona inafuliwa, inaanikwa juani (juani, si chini ya godoro kwa aibu), inatumika tena. Na msichana anayeweza kumweleza mteja wake jambo hilo bila kuinamisha kichwa, huyo umemaliza naye somo la kujiamini.

Habari Shangazi. Nilisoma Dodoma, sasa nafanya kazi Dar. Nina laki nne nataka kusaidia wasichana wa kata yetu. Ninunue cherehani au niwalipie ada? – Mpenda Nyumbani

Ada ya sekondari ya serikali ilifutwa: kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022. Kinachowarudisha nyumbani sasa ni sare, daftari, chakula cha mchana na umbali. Cherehani nimezikuta nyingi zimefunikwa kanga kwenye ofisi za kata, hakuna fundi wa kufundisha, hakuna sindano.

Gawanya laki nne kwa miezi kumi na miwili: ni elfu thelathini na tatu na kidogo kila mwezi. Kwa fedha hiyo fundi cherehani wa mtaani anaweza kukubali kufundisha wasichana jioni moja kwa wiki kwa mashine zake mwenyewe. Au mlezi kama yule wa Kongwa anapata nauli ya bodaboda, chaki na vocha ya kuwakumbusha wazazi. Tuma kwa mwezi, usitume kwa mkupuo. Mpigie mlezi mara moja kwa mwezi, umwulize wamekuja wangapi na nani ameacha kuja. Huyo aliyeacha ndiye umwulizie zaidi. Usiombe picha.

Njia ya kuwapata: ofisi ya kata, mwulize afisa maendeleo ya jamii. Ukiona anakuzungusha, nenda shuleni kwa matroni. Na ukija Dodoma wikiendi, pita klabuni kwanza Jumamosi asubuhi kabla hujakimbilia nyama choma ya Msalato, maana nawajua.