Igizo linasaidia afya, au ni burudani tu?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Tuna kikundi chetu cha ngoma na maigizo huku Korogwe, tuliomba hela tuzunguke vijijini na igizo la kifua kikuu, tukajibiwa hiyo ni burudani, bora hela zinunue dawa. Hivi kweli sanaa haina msaada kwenye afya? Msomaji, Korogwe.

JIBU: Ina msaada ndugu yangu, tena mkubwa, na ushahidi upo hapahapa Tanzania. Mwaka 1993 Radio Tanzania walianza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uzazi wa mpango na ukimwi ndani yake, na wakubwa wenzangu mtamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake huko barabarani, mkewe Tunu yuko nyumbani na watoto anahangaika, watu wakawa wanamsikiliza anavyojimaliza mpaka ukimwi ukampata, bila daktari kumhubiria mtu. Sasa Dodoma haukurushwa mpaka 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe. Sehemu zilizousikia watu walijiunga zaidi na uzazi wa mpango na wakapunguza wapenzi, na Dodoma nao walipoanza kuusikia mambo yakabadilika. Shirika la Afya Duniani (WHO) nao 2019 walitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya.

Na hilo la dawa, waambieni dawa za TB serikalini ni bure! Shida ni mtu anakohoa wiki ya tatu yuko ndani, mama mkwe anasema karogwa, au kaanza dozi ya miezi sita, mwezi wa pili kapata nafuu kaacha. Hapo bango halifiki, igizo linafika, kwa sababu mtu anamuona jirani yake pale jukwaani na anaanza kubishana.

Ila msicheze hotuba, inachosha. Mchezeni huyo mama mkwe vizuri, msimfanye mjinga, maana anampenda mtoto wake. Halafu mwombeni nesi wa zahanati aje na vikopo vya makohozi, igizo likiisha watu wanaongea, anayekohoa anapima siku hiyohiyo kabla hajaghairi. Hesabuni waliopima kijiji mlichocheza na kijiji ambacho hamjafika, mrudi na hizo namba kwenye ofisi iliyowakatalia.