Maswali yenu: Anapiga huku ametulia

Mume wangu akinipiga hapandishi hata sauti, wenzangu wanasema wa kwao wanatetemeka kwa hasira. Huyu yukoje? (Ngarenaro)

Dada, kwenye utafiti uliotoka mwaka 1995, wanasaikolojia wa Marekani kina Neil Jacobson na John Gottman waliwafunga vipimo vya mwili wanaume wanaopiga wake zao, wakawaacha wabishane na hao wake zao maabara. Wengi moyo ulienda mbio kama mtu yeyote aliyekasirika, ila kama 20 kati ya 100 ugomvi ulivyoanza mapigo yakashuka, na hao ndo walikuwa na maneno makali kuliko wote, na hata nje ya nyumba ni watu wa kupigana. Miaka miwili baadae hakuna ndoa hata moja ya hilo kundi iliyokuwa imevunjika, na sidhani ni kwa mapenzi. Waliorudia utafiti baadae hawakupata yote yaleyale so usiushike kama msahafu, ila ujue kutulia kwake sio usalama wako.

Nikimpima presha nitajua yuko kundi gani?

Hapana.

Mume wangu ana hasira za kuzaliwa, kuna dawa? (Sakina)

Kila wiki hili swali jamani! Trafiki wa Mianzini akimsimamisha anacheka hadi jino la mwisho, bosi akimfokea anasema samahani mkuu, akifika kwako anafunga mlango, anaongeza sauti ya redio, halafu anapiga pale panapofichwa na kanga. Hasira gani hiyo inayojua kuchagua? Na msiniletee habari za pombe, wangapi wanashinda kwenye mbege wakirudi wanalala tu.

Mimi ni mwanaume, tukibishana moyo unanienda mbio naona giza. (Moshi)

Angalau umeuliza. Toka kabla giza halijaja, mwambie unarudi, tembea kama dakika 20 hivi maana mwili hautulii kwa amri, na usipitie baa. Ila moyo kwenda mbio sio kibali, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake.

Nataka kuondoka, nimwambie kwanza?

Usimtangazie, wala usimtishie, wengi wanaumizwa vibaya pale anapojua unaondoka. Vyeti vya watoto na nauli viweke kwa mtu unayemwamini, nenda dawati la jinsia polisi, ukiwa na majeraha uliza PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na wakikwambia mkayamalize nyumbani omba kumuona mkuu wa kituo.